Mstari wa Maji ya Msiba

Mwaka 2013 niliandika sentensi moja kwenye ripoti ya kazi, na kwa sentensi hiyo mama mmoja wa kijiji cha upande wa Munanila akawa hatarini kuachishwa kazi. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Mhudumu anaingilia mtambo, inashauriwa abadilishwe." Niliiandika nikiwa nimeloa matope hadi magotini, njaa inanikata, na hasira zangu nazijua mwenyewe. Ningekuwa nimekula hata ndizi mbili siku ile, pengine ningeandika vingine.

Wakati huo nilikuwa fundi katika karakana moja mjini Kasulu. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mtu mzima, asili yake Tanga, na sote tulimwita Alhaji. Duka la mbele liliuza pampu, jenereta, nyaya na mabomba. Nyuma kulikuwa na chumba ambamo tuliunda maboksi ya kuendeshea pampu za vijiji. Boksi ni sanduku la bati lenye kompyuta ndogo ndani, ukubwa wa kipande cha sabuni. Tangi likipungua linawasha pampu, likijaa linazima. Asubuhi na jioni linafungua maji yaende mabombani, kisha linafunga. Kazi yangu ilikuwa kuliambia boksi la kila kijiji lifanye nini na lini. Nilisomea kompyuta Dar es Salaam, nikarudi nyumbani kwa sababu mama yangu aliugua, nikabaki kwa sababu hiyo kazi ilininogea.

Kuliambia boksi maana yake ilikuwa kuandika faili. Lilikuwa faili refu la maneno ya Kiingereza yaliyokatwakatwa, namba, mabano na mikato. Mkato mmoja ukikosekana boksi halilalamiki, linakaa kimya tu, pampu haiwaki, na kijiji kizima kinarudi bondeni na madumu. Kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kugusa faili isipokuwa mimi. Kijiji kikitaka maji yafunguliwe mapema kidogo, sharti nipande pikipiki na laptopu mgongoni, niende nikabadilishe namba moja. Nilikuwa nalalamika kila safari, na huku moyoni najiona mtu muhimu.

Siku ile simu ilitoka kwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. "Madamu, mashine imekufa." Nikapanda pikipiki, nikapita Muyama na mvua yake, nikafika. Boksi lilikuwa linawaka taa nyekundu, limejizima lenyewe. Kwenye kumbukumbu zake lilikuwa limeandika kosa lile lile mara tatu: njia ya maji iko wazi, maji hayatembei. Nikapima nyaya, nikapima sensa ya kuhisi maji, nikapima valvu ya umeme, vyote vizima. Nikaliwasha upya likafanya kazi, nikarudi Kasulu. Hazikupita wiki mbili, simu ile ile, safari ile ile, sikuona kitu tena. Safari ya tatu sikumwambia mtu kama naenda. Nilifika nikamkuta mhudumu wa pampu ameshika usukani wa valvu ya zamani, ile ya kufunga kwa mkono, anaizungusha.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, amevaa koti la mvua la kiume na kitenge kiunoni. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na alikuwa raia kama mimi. Pampu ile aliilinda tangu enzi ya injini ya dizeli ya kuwasha kwa kamba, kabla ya boksi letu kuja. Posho ya kamati ndiyo iliyokuwa inamweka mjini, kama tunavyosema, ingawa mji wenyewe ulikuwa mlima wa tangawizi na maharage. Shamba lake lilikuwa kipande kidogo cha kurithi kwa mume.

Akanisalimia kwa desturi yetu, ameinama, anapiga makofi taratibu. "Mwidiwe." Mimi ni Muha wa kuzaliwa, naijua salamu yetu inavyokwenda. Unaulizwa wewe, unaulizwa wa nyumbani, mnaulizana mvua na shamba, na hakuna jambo la maana linalotajwa kabla salamu haijaisha. Lakini siku ile nilikuwa na Dar es Salaam yangu kichwani. Nilijibu salama moja ya mkato, nikamuuliza, "Nani kakwambia ushike hiyo?" Akanyamaza. Leo naelewa kwamba alikuwa ananisubiri nimalize kusalimia ili anieleze. Mimi nikadhani ni kimya cha mtu aliyefumaniwa. Sikumpa hata nafasi ya kujitetea, nikakaa juu ya jiwe nje ya chumba cha pampu, nikaandika ripoti.

Alhaji aliisoma jioni ile akiwa amesimama mlangoni. "Binti, hii umeandika kwa kalamu au kwa panga?" akaniuliza. Nikamwambia nimeandika nilichokiona. Mkataba ulitaka nakala iende kwenye kamati, ikaenda. Kamati ikaisoma kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu, na uamuzi ukatoka pale pale: mvua za mwisho wa kiangazi zikianza, mhudumu ataondoka, labda awe ameonyesha kwamba anaweza kuliendesha boksi kwa mipangilio yake bila kushika valvu ya mkono. Kwa maneno mengine, aweze kuandika faili langu. Huyo mama alisoma hadi darasa la nne.

Siku ya gulio, soko letu la kila wiki, akaja karakanani. Alipanda lori la kutoka Manyovu, amekaa juu ya magunia. Ripoti yangu alikuwa nayo, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa amemsomea. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwangu, chai nimeshakunywa, na sina pikipiki ya kukimbilia, basi salamu ikaenda hadi mwisho wake. Akamuulizia mama yangu na ugonjwa wake. Alikuwa na habari zangu zote, na mimi sikujua hata kama ana watoto.

"Wanasema hapa umeandika naingilia mtambo," akasema salamu ilipoisha. "Siingilii. Nafunga kwenye kipandio cha nne."

Nikamwambia sielewi. Akanieleza polepole, kama anamweleza mgeni. Ndani ya tangi la kijiji kuna ngazi ya chuma. Maji yakishuka hadi kipandio cha nne kutoka chini, yanayobaki ni maji ya msiba, hayaguswi. Mtu akifa, watu wanatoka milima mingine wanakuja, wanalala pale siku tatu, nne, kuna kuosha maiti, kuna kupika, na si heshima mfiwa ashuke bondeni na ndoo huku marehemu yuko ndani. Kwa hiyo nyumba yenye msiba inafunguliwa bomba lake saa yoyote itakayohitaji. Yeye alianza kufunga kwenye kipandio cha nne tangu enzi ya injini ya dizeli, na hakuna aliyemwagiza. Wanakamati wenyewe walishayatumia maji hayo kwenye misiba yao. Hakuna aliyewahi kujiuliza yanatoka wapi.

"Sasa boksi lako linamwaga mpaka chini," akasema. "Nikilizuia linakasirika, linazima. Nionyeshe mahali pa kuliambia."

Nikafungua faili. Kulikuwa na mahali pa kuandika tangi limejaa, na mahali pa kuandika tangi limekwisha. Basi. Nilitafuta kama mtu anayejua kabisa kwamba hakuna kitu, nashuka na kupanda kwenye skrini ili nisimtazame usoni.

"Hapana mahali pa kuliambia," nikasema.

"Kwa nini?"

"Sikupaweka."

Aibu ilinishika, sitaki kusema uongo. Siku ile ile nilimwomba Alhaji tuandike barua ya kufuta ripoti, na tukaiandika. Mwenyekiti alinijibu kwa simu, kwa upole wote, kwamba jambo lililosomwa mkutanoni halifutwi na barua. Waliomsikia mama akisemwa ni kijiji kizima, basi na kijiji kizima kimwone akiweza. Ndivyo nilivyojikuta na kiangazi kimoja cha kutengeneza kitu ambacho nilikuwa nakiota tangu mwaka uliotangulia na kukiahirisha kila siku.

Nilichokiota ni programu ya picha. Mtu aone tangi, pampu, jenereta na mabomba kwenye skrini, avute kwa mausi, asogeze, aweke anavyotaka. Programu yenyewe iandike faili kwa nyuma, mikato na mabano yote mahali pake, bila mtu kuyaona. Alhaji aliitaka kwa sababu ingemwokolea petroli ya safari zangu. Mimi niliitaka kwa sababu ya yule mama. Hata hivyo nisijipambe sana: nilitaka pia watu waione na wajue nani kaitengeneza.

Ya kwanza niliijenga kwa wiki tatu, na nilijisifu peke yangu. Alama zote zilitoka kwenye vitabu: pampu ni duara lenye pembetatu ndani, valvu ni pembetatu mbili zinazogongana pua, kila kitu kinatoka kushoto kwenda kulia. Mama akaja siku ya gulio, nikamkalisha. Akaitazama kwa heshima. "Ni nzuri," akasema. Nikamuuliza tangi liko wapi. Akanionyesha jenereta.

Nilimpa chaki, nusu kwa hasira, nikamwambia basi achore yeye. Akapiga magoti sakafuni. Hakuanzia kwenye pampu kama vitabu vinavyoanza. Alianzia bomba la mwisho kabisa, lililoko juu ya kilima karibu na kanisa. Nikamuuliza kwa nini huko. "Kwa sababu maji yakikatika, wa huko ndiye anayekuja kunigongea mlango," akasema. Kutoka hapo akarudi nyuma bomba moja moja, akafika kwenye tangi, akalitia ngazi na vipandio vyake vyote, akashuka bondeni kwenye chemchemi, na pampu akaichora mwisho, kadogo, pembeni. Mtambo wote tulioujenga sisi kwa kujivuna, kwake ulikuwa kitu cha pembeni. Nilipiga picha ile sakafu kwa simu. Kazi ya wiki tatu nikaifuta, nikaanza upya kutoka kwa watu kuja kwenye pampu.

Miezi ile tuliishi hivyo. Siku ya gulio anakuja, ananiletea mihogo au maharage mabichi, anakaa mbele ya laptopu, na mimi nakaa nyuma yake na daftari nikiandika kila anapokwama. Mausi ilimsumbua, aliinyanyua juu kama mtu anayeinua kikombe, halafu anashangaa mbona mshale hauji. Nikaweka vitufe vya mishale vifanye kazi ile ile. Halafu nikagundua kwamba anaogopa kugusa kitu chochote kabla hajaniuliza, na ikaniudhi. Nikamwambia gusa tu, mama, hakiumi.

"Na nikikosea?" akauliza.

Kwenye programu hapakuwa na njia ya kurudi nyuma. Ukikosea umekosea. Nikarudi nikaandika kitufe cha Rudisha, kinachoondoa ulichofanya mwisho, na kabla yake, na kabla yake tena, hadi mwanzo. Kilinila siku nane na kichwa kikaniuma siku zote nane. Lakini alipokizoea, yule mama hakuwa mtu wa kuomba ruhusa tena. Alibonyeza kila kitu. Alizima jenereta, akafunga mabomba yote, akalijaza tangi hadi likamwagika kwenye picha, akarudisha, akacheka peke yake. Kwa wiki chache alinifundisha kazi kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumlipia ada.

Kitufe cha pili nilichokipenda niliita Jaribu. Ukikibonyeza, siku nzima ya kijiji inapita kwa dakika moja kwenye skrini: asubuhi mabomba yanafunguka, maji yanashuka ndani ya tangi, pampu inawaka, jioni tena. Hapo mtu anaona mipango yake itakavyofanya kabla haijapelekwa kwenye boksi. Na ndani ya tangi, kati ya mstari wa kujaa na mstari wa kwisha, nikaweka mstari wa tatu, mwekundu. Nikauandika Maji ya Msiba. Maji yakiufikia, mabomba yote yanajifunga, isipokuwa lile litakalochaguliwa. Boksi lenyewe nalo ilibidi nilifundishe upya, ili lijue maana ya huo mstari na lisilalamike.

Siku ya kwanza alipouvuta mstari, aliupeleka kwenye kipandio cha nne, akabonyeza Jaribu. Maji yakashuka kidogo tu, yakasimama. Tangi karibu limejaa na kijiji chote kikavu.

"Mwanangu," akasema, "tangi lako limesimama kwa kichwa."

Nilimbishia. Nilimwambia amebonyeza vibaya, nikamfanya arudie, tena na tena, na kila mara maji yalisimama pale pale juu. Mwisho nikafungua nilichoandika. Skrini ya kompyuta inahesabu kutoka juu kushuka chini, jambo ambalo nililijua tangu mwaka wa kwanza wa chuo, na mahali pamoja tu nilikuwa nimesahau kugeuza. Kipandio chake cha nne kutoka chini, programu ilikisoma cha nne kutoka juu. Nikamwambia kosa ni langu.

"Andika ripoti," akasema, uso mkavu kabisa. "Andika fundi anaingilia mtambo."

Alhaji alikuwa mlangoni, akacheka hadi akashika kifua. Mimi nilicheka baadaye kidogo. Nafikiri tangu siku ile nikaanza kumpenda yule mama, na nikaanza pia kuogopa, maana mvua zilikuwa zinakaribia na nilijua akishindwa mbele ya watu nimemwangusha mara mbili.

Mkutano ulifanyika darasani, shule ya msingi ya kijiji. Alhaji alikuja na pikapu yake, akaleta jenereta dogo la kuwashia laptopu. Wanakamati walikaa mbele kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, na kijiji kilijaa madirishani. Mwenyekiti alimwambia mama aweke maji yafunguliwe mapema siku za gulio, afunge bomba la shule siku za mapumziko, na aonyeshe anavyolinda akiba bila kushika valvu. Mama akasalimia kwanza, darasa lote, kwa makofi. Kisha akakaa. Alitumia vitufe vya mishale, hakugusa mausi. Akaweka siku za gulio. Akafunga bomba la shule. Akaupandisha mstari mwekundu hadi kipandio cha nne, akabonyeza Jaribu, na darasa zima likaona maji yanashuka, yanashuka, yanafika mstarini na kusimama. Mahali fulani alikosea, akabonyeza Rudisha bila hata kunitazama.

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alikuwa amesimama, mdomo wazi. "Yaani ndiyo hivyo tu?" akaniuliza. "Ni rahisi namna hiyo?"

Hapa ndipo ninaporudi mara nyingi kichwani mwangu. Ningeweza kujibu lolote. Ningeweza kusema ni rahisi kwa mtu anayelijua tangi lenyewe. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimekaa kiangazi kizima chumbani nikipigana na hiyo programu, na huyu alikuwa mtu wa kwanza kuisifia mbele ya watu. Kichwa kikavimba.

"Mwenyekiti, hata wewe ukikaa hapo sasa hivi, unaweza," nikasema. "Hata mtu ambaye hajawahi kuiona pampu."

Akakaa. Mama alimpisha kiti. Mwenyekiti akavuta mstari ukaenda, akabonyeza Jaribu, maji yakatii. Darasa likaangua kicheko cha furaha. Akaja katibu, akaweza. Akaja mweka hazina, mzee asiyeona vizuri, naye akaweza, nikamshikia miwani. Nilikuwa napita nyuma yao nikiwaelekeza, furaha imenijaa hadi jasho linanitoka. Nilipomtafuta mama kwa macho nimpe mkono, alikuwa amesimama ukutani karibu na ubao, mikono ameikunja. Alitabasamu aliponiona. Sikufikiria kitu.

Barua ya kamati ilikuja Kasulu mvua zikiwa zimeshaanza. Iliandikwa vizuri, kwa shukrani nyingi. Ilisema kwamba mhudumu ameonyesha uwezo wake mbele ya wananchi na kamati inamsafisha na tuhuma zote. Halafu ikasema kwamba, kwa kuwa kazi ya kupanga maji imerahisishwa na wanakamati wote wameonekana kuimudu, kamati itaifanya yenyewe kwa zamu, na nafasi ya mhudumu wa pampu haitakuwepo tena.

Nilipanda pikipiki dakika ile ile. Nilimkuta mwenyekiti nyumbani kwake anamenya karanga. Nilianza kwa kupaza sauti, na najuta hata hilo, kwa sababu yeye hakupaza. Alinisikiliza hadi nikaishiwa. "Madamu," akasema, "mara ya kwanza ulituandikia kwamba hafai. Mara ya pili ulisimama ukatuambia hata mtu ambaye hajawahi kuiona pampu anaweza. Sisi tunakusikiliza wewe. Tumsikilize nani mwingine?"

Nikamwambia kuhusu mstari wa msiba, kwamba akiondoka mama hakuna atakayeujali. Alinijibu kwamba mstari wanauona wote sasa, mwekundu, una jina lake, nani atausogeza? Na hawakuusogeza. Niseme ukweli kwa faida yao. Mwaka mzima uliofuata kijiji kile hakikunipigia simu hata moja ya shida. Wafiwa walipata maji. Kila alichokuwa anakijua yule mama nilikuwa nimekichukua kichwani mwake, nikakiweka kwenye picha mahali ambapo kila mtu anakiona, na kilifanya kazi vizuri kabisa bila yeye.

Nilimkuta shambani kwake, anapalilia tangawizi. Nilimsalimia mimi kwanza, nikapiga makofi, nikainama, na nikaimaliza salamu yote. Kisha nikaanza kuomba msamaha, nikalia kama mjinga kwenye tuta la watu. Aliegemea jembe akanisubiri nimalize.

"Umeifanya nyepesi sana," akasema. "Mimi niliomba iwe nyepesi kwangu."

Hakusema kwa ubaya. Alinipa mizizi ya tangawizi niende nayo kwa mama yangu, akarudi kupalilia, kwa sababu wingu lilikuwa limefunga na alitaka kumaliza mstari wake kabla ya mvua.

Programu ile ilitupeleka mbali. Alhaji aliiuza pamoja na kila boksi, na mwaka 2015, watu walipoanza kuvuka tena kwa wingi kutoka Burundi, pampu zikahitajika kila upande, nami nikawa naenda na kurudi Kibondo hadi pikipiki ikafa injini. Kwenye kijiji kimoja kule nilifunga boksi, nikamfundisha mhudumu wao, mwanamume mtu mzima mwenye kofia ya sufu. Asubuhi moja tu alikuwa ameshaiweza yote. Mchana kamati ikaja kuangalia. Katibu wao alimtazama akivuta mistari, akanigeukia, na akaniuliza swali lile lile, karibu kwa maneno yale yale: ni rahisi hivi?

Yule mhudumu alikuwa anasubiri nimsifie. Alivua kofia kabisa.

"Si rahisi," nikasema. "Ni ngumu sana. Bila huyu hamtaweza, na boksi likiharibika msinipigie simu."

Katibu akarudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye laptopu. Mhudumu alinitazama, kisha akaitazama skrini, kisha mimi tena. Alikuwa anajua kabisa kwamba nasema uongo, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kwa muda wa kuiva maharage, na alitaka watu wake wajue ana akili kiasi gani. Nilimnyima sifa hiyo mbele yao. Sijui kama alikuja kunielewa. Mpaka naondoka Kigoma nilikuwa nimeusema uongo huo katika kila kijiji, bila aibu, na kila mahali mhudumu alibaki na funguo zake. Ila nilijifunza kuusema nikiwa nimeshachelewa kijiji kimoja, kile cha yule mama.